Ukungu wa 'MaSechaba

Asubuhi ambayo 'MaSechaba hakuamka, chungu cha motoho, uji wake wa mtama uliochachuka, kilikuwa kimefunikwa palepale alipokiacha. Hakuna aliyethubutu kukifunua. Mkamwana wake, 'MaPuseletso, alikaa kando yake mpaka jua likapanda juu ya milima, akiusikia uji ukichachuka polepole, kama kitu kinachopumua usingizini.

Yalianza kwenda macho. Ukafuata mguu wa kushoto. Mwisho akaenda mwenyewe. Sukari ilikuwa imekaa mwilini mwake miaka mingi na hakuna aliyejua.

"Alidhani ni ukungu wa milimani," anasema 'MaPuseletso. "Kila siku alikuwa ananiambia, 'Mwanangu, ukungu wa leo hauondoki.' Nikichungulia nje, jua linawaka. Nikajua ni maneno ya uzee tu."

Sasa umepita msimu wa tatu wa theluji tangu siku hiyo. Ni saa mbili asubuhi katika ukumbi wa chifu, kijiji cha Ha Ramokhele, wilaya ya milimani ya Mokhotlong. 'MaPuseletso, mwenye miaka thelathini na minane, ameshika kamera ndogo yenye mpini, mfano wa tochi. Mbele yake, kwenye kigoda, ameketi jirani yake, bibi 'MaKeneuoe.

Kamera hii inataka giza ili mboni ipanuke. Hapa giza la mchana halitafutwi mbali: linavaliwa. 'MaPuseletso anamfunika bibi blanketi zito la sufu, kisha anaingiza kichwa na mkono wake humo humo.

"Tazama taa ya kijani, 'M'e," anamwambia, yaani mama. "Usipepese."

"Usije ukaona na mambo ya ujana wangu humo ndani!" sauti ya bibi inatoka chini ya sufu.

"Nimeshayaona. Tulia."

Kwenye kioo cha kamera linachomoza duara la rangi ya chungwa, kama jua la jioni wakati wa vumbi. Mito myekundu inatiririka humo, inagawanyika, inakuwa vijito, inapotea. 'MaPuseletso anasema mara nyingine huota anatembea kando ya mito hiyo, na kwenye ukingo wa mbali kuna mtu amejifunika blanketi, amempa mgongo.

Programu iliyo ndani ya kamera husoma mito hiyo, yaani mishipa ya damu ya jicho, upana wake na mapindo yake, kisha hukadiria uwezekano wa mtu kupata kisukari miaka ijayo, kabla hajahisi lolote. Kazi hii bado ni ya majaribio, na kamera haitoi hukumu. Anayeonekana yuko hatarini hupelekwa kupimwa damu.

Tangu mwaka jana amepiga picha macho ya watu 1,140. Waliopelekwa kupimwa damu ni 203, na 61 kati yao walikuwa tayari na sukari bila kujua. Yeye hulipwa maloti 800 kwa mwezi.

Lakini kwa muda mrefu jicho moja lilimshinda, nalo lilikuwa la nyumbani kwake.

Baba mkwe wake ana miaka sabini na mmoja. Kwa desturi 'MaPuseletso hatamki jina lake wala hamtazami usoni. Kwa miaka kumi na sita ya ndoa humpelekea chakula kwa magoti, uso pembeni. Mzee huyo alikula chungu kimoja na marehemu mkewe, 'MaSechaba, miaka arobaini, na kila alipoambiwa aende kupimwa alijibu, "Siumwi." Mwenzake 'MaPuseletso aliyefunzwa kamera pamoja naye, ambaye angeweza kumpiga mzee picha, alishahamia mjini Maseru.

"Nimeingia ndani ya macho ya vijiji vinne," anasema. "Ya baba mkwe wangu, hata rangi sikuijua."

Asubuhi moja mwezi wa sita, mzee alisimama mlangoni akasema, "Ukungu mzito leo." 'MaPuseletso aliacha mwiko kwenye ugali akatoka mbio. Ukungu ulikuwepo kweli, umefunika zizi lote. Alisimama ndani yake akalia.

'MaKeneuoe ndiye aliyempelekea mzee ujumbe, akimwita Ntate, yaani baba. "Ntate, mkamwana wako analia kwa ajili ya ukungu."

"Ukungu wa nani?"

"Wako wewe, usipokwenda."

Alhamisi iliyofuata mzee alikuja ukumbini, akakaa wa mwisho kabisa. Zamu yake ilipofika, alimgeukia 'MaKeneuoe. "Nauliza kitu kimoja. Huyu anaangalia jicho langu, au anaangalia kile kioo?"

"Muulize mwenyewe, mimi si posta!"

Watu wakacheka. "Kioo, Ntate," 'MaPuseletso alijibu, akitazama sakafu.

"Na mimi naangalia nini?"

"Taa ya kijani, Ntate."

"Basi hakuna anayemwangalia mwenzake. Fanyeni."

'MaKeneuoe ndiye aliyemfunika na kumshikilia ukope. 'MaPuseletso aliingiza mdomo wa kamera tu chini ya sufu, kioo chake kikabaki nje, naye akabaki nje, macho kwenye kioo hicho. Mzee alivuta pumzi. Kisha sauti yake ikasikika ndogo.

"Blanketi hili ni lake."

Ni lake. Nguo za marehemu zilipofuliwa na kugawiwa ndugu, blanketi lilimwangukia mkamwana.

"Ndiyo, Ntate."

"Linanukia moshi wa jiko lake." Hakupepesa hata mara moja, na duara la chungwa likachomoza zima.

Programu ilikadiria sitini na nane kwa mia. Damu ilipopimwa zahanati, sukari ilikuwa imepanda lakini haijafika kiwango cha ugonjwa. "Imefika uani, mlango haijafungua," muuguzi alimwambia.

'MaPuseletso anatumaini kupata kamera ya pili, na mwanamke wa kumfundisha kutoka kijiji cha ng'ambo, ili kila mkamwana awe na mtu wa kumpigia wakwe zake picha.

Kwa sasa, kila Alhamisi ya kwanza ya mwezi, mzee hupanda farasi mwendo wa saa nne hadi zahanati, akatobolewa kidole, akarudi. Chai anakunywa bila sukari. Mkamwana wake huiweka mbele yake kwa magoti, uso pembeni.