Baragumu Niliyopiga Mbele ya Baba ya Esperance

Wenzangu, muniache nijicheke mwenyewe kwanza kabla nyinyi hamujaanza, maana kwa kilima yetu hapa Masisi hakuna mutoto asiyejua hii habari, na hata leo nikiteremuka njia ya Kirotshe, bamama wenye kupalilia maharagi wanaweka mikono kwa mudomo, "puuu! puuu!", na mimi ninawapungia mukono, ninapita. Haya iko yangu, nitaipeleka wapi?

Ilianza na mabishano. Chapeli yetu ilikuwa imegawanyika juu ya siku za mwisho: wengine walisema Israeli, taifa ya Ibrahimu, njo itaketi ya kwanza kwa meza ya Ufalme na sisi mataifa tutafuata nyuma, wengine wakasema hapana, ndani ya Kristo iko taifa moja tu, hakuna wa kwanza. Pasta akachoka na kelele, akasema siku ya posho, Jumamosi, asubuhi kila upande utoe muntu mumoja aseme mbele ya wote. Upande wa Israeli-kwanza wakanitoa mimi, Byamungu, juu nilikuwa nasikiliza wahubiri kwa radio kila asubuhi na nilijua kuchora miaka ya dhiki kwa tablo ya chaki (shule niliiacha katikati, lakini kuchora najua). Upande ingine wakatoa Papa Yosefu. Sasa Papa Yosefu njo baba ya Esperance, na Esperance njo musichana niliyetaka kuoa, na juma iliyofuata nilikuwa niende kujitambulisha kwao na gunia ya maharagi niliyolima kwa mikono yangu. Muntu mwenye akili angesema anaumwa tumbo. Mimi nikavaa kravati.

Nilianza vizuri, kweli kabisa. Nilichora, nikafuta, nikachora tena, ahadi ya Ibrahimu huku, mataifa kule, mpaka chaki ikaisha. Kisha Papa Yosefu, muzee wa sauti ya chini, akasimama na kuniuliza kitu kimoja tu.

"Mutoto wangu, Mungu iko na meza ngapi?"

"Moja, Papa."

"Basi kwa hiyo moja, nani atasimama nyuma na sahani mukononi akingojea wengine washibe?"

Chapeli ikacheka. Nikaona Esperance kati ya waimbaji ameinamisha kichwa, mabega inatikisika. Weee! Haya ilinishika mpaka kwa masikio.

Hapo njo nikafanya ile kitu. Nyuma ya mulango wa chapeli inatundikwa pembe ya ng'ombe, iko ya kilima nzima, inapigwa ardhi ikiteremuka ao nyumba ikiwaka, na mwenye kuisikia anaacha yote, anakimbia na jembe. Nilijua hiyo tangu utoto. Lakini nilitaka watu wasahau mambo ya sahani, nikasema, "Wapendwa, siku ile itakuwa hivi!" nikaichomoa ukutani, nikapuliza kwa nguvu zangu zote (nilizania italia kidogo, kumbe ile pembe haijue kidogo).

Watu wakaja. Wakatoka kwa mashamba na majembe, Wakatoliki wakaja, Wasabato wakaacha ibada yao wakaja na Biblia kwapani, hata wapagazi waliokuwa wanatoka Rubaya wakatua mizigo kwa njia wakapanda mbio. "Wapi? Ardhi imefunika nani?" Mimi nimesimama na pembe mukononi. Wanaume wengine wakaona udongo mupya nyuma ya nyumba ya Pasta, wakaanza kuchimba, "Vumilieni, tunakuja!", na ilikuwa mashu, kabichi ya mama Pasta, aliyopanda jana yake. Mama Pasta analia, wao wanazania analilia mutoto, wanaongeza nguvu.

Mwisho akafika Koko Julienne, muzee kuliko wote, na nguo nyeupe, kitambaa cheupe kichwani, anahema. Akatuangalia mumoja mumoja.

"Nimechelewa? Wamekwisha kwenda mbinguni?"

Hakuna aliyecheka, na hiyo iliniumiza kuliko kicheko. Papa Yosefu akakamata pembe mukononi mwangu pole pole, akairudisha ukutani. "Byamungu, desturi unaijua. Mwenye kupiga pembe bure analisha waliokuja."

Nyumbani nilikuwa na chakula gani? Gunia tu. Nikaenda kuibeba, na njia nzima nikasema, basi, Esperance amekwenda, nitajitambulisha na nini, na kravati?

Bamama wakaleta vyungu vya arusi, wakapika, na jua ilipoanza kulala nikasimama na mwiko nikigawa. Mupagazi mumoja, waliyemuelezea mabishano yetu, akapiga kelele kutoka nyuma, "Mwalimu! Israeli iko wapi, ikule ya kwanza?" Sasa njo walicheka! Nikagawia watoto, Koko Julienne, Wasabato, wapagazi, mama Pasta nikamuongezea. Nikakwaruza chungu ya mwisho: hakuna. Aliyebaki amesimama nyuma ya wote, njala inamuuma, nani? Mimi, muntu wa Israeli-kwanza.

Esperance akakuja na sahani yake, amekula nusu. Akaiweka mbele yangu, akaketi. "Kula."

Kwetu musichana hakule sahani moja na kijana kama jamaa hazijapatana. Wote wakamugeukia Papa Yosefu. Akaangalia gunia tupu, akaniangalia mimi.

"Hii gunia ilikuwa yangu, ao?"

"Njo, Papa. Ya juma ijayo."

Akapangusa mudomo. "Basi nimekwisha kuikula. Mukule na nyinyi."

Mashu ya mama Pasta nilipanda upya. Juu ya Israeli, mimi na bukwe wangu, Papa Yosefu, tunabishana mpaka leo, hakuna aliyehama, na Esperance anatupakulia wote wawili pamoja. Lakini pembe siguse tena maisha yangu yote. Siku yake ikifika, malaika apulize mwenyewe, na mimi nitakuja mbio na jembe yangu kama wengine.