Mlima wa Paking

Pale The Pearl, Doha, hakuna mlima. Kisiwa chenyewe watu wamekitengeneza kwa mchanga, bapa kama chapati, na mwinuko pekee niliowahi kuuona ni njia ya magari inayopanda kutoka paking ya chini ya ghorofa letu. Hapo ndipo mimi na bibi mmoja wa Kitaliano tulipopandia mlima kila asubuhi, msimu mzima wa joto.

Nilikuwa nimeajiriwa kumtunza. Mwanawe, injinia, alimleta Doha baada ya mamake kuanguka akiwa peke yake nyumbani kwake Italia. Mimi nilimwita Nyanya, maana siwezi kumwita mtu wa umri ule kwa jina, hata awe Mzungu. Kiingereza chetu sote wawili kilikuwa cha kuokoteza, lakini akianza kusimulia kijiji chake, hakuna kilichonipita.

Jamani, kijiji kile! Nyumba za mawe zimebebana hadi kileleni, kuta za nje ndizo boma. Vichochoro vilipimwa kwa upana wa punda na mizigo yake, gari halijawahi kuingia. Tanuri lilikuwa moja kwa wote, na kila nyumba ilikuwa na muhuri wake wa mbao wa kugonga juu ya donge la unga, mkate wako usije ukaliwa na jirani. Nikamuuliza ni wazimu gani uliwafanya mababu zake wajenge juu vile na maji yako bondeni. Akasema ni maharamia waliokuja kuiba watu, na malaria. Malaria, Ulaya! Nilicheka hadi nikakaa chini. Sisi Wataita nasi tulikwea milima yetu tukiwakimbia waiba watu na mbu, na miaka yote nilidhani hiyo ni akili yetu peke yetu. Tangu siku hiyo nilikipenda kijiji kile kama cha shangazi yangu.

Nyanya alitaka kurudi. Mwanawe hakutaka kusikia, na si kwa ubaya, ni hofu tu. Alisema kutoka lango la kijiji hadi mlangoni kwa mamake ni kupanda mwanzo mwisho, na yale magoti hayawezi. Nyanya akauliza, je, yakiweza? Kijana akamjibu ili anyamaze, kwamba yakiweza atampeleka mwenyewe. Maskini, hakumjua mamake.

Kesho yake tukashuka paking. Nyanya alipiga hatua chache, akashika ukuta, akanitukana kwa Kitaliano kana kwamba mimi ndiye niliyemwaga ile simiti. Nami si mpole, nikamrudishia kwa Kitaita. Tukaelewana. Mlinzi wa pale, Mganda, alitucheka wiki nzima, halafu akaanza kusimamisha magari kwa mkono ili Nyanya apite. Wenye magari walipiga honi, yeye hata hageuki.

Siku ya mtihani mwanawe alishuka na nguo zake za ofisi. Nyanya akapanda. Katikati akasimama, anahema, na kijana akaruka kwenda kumshika. Nikamvuta shati. Haki ya Mungu, nilimvuta tajiri wangu shati! Nyanya akakusanya pumzi, akaendelea, akatokea juu kwenye jua. Mwanawe alibaki pale chini akijifuta macho, kisha akasema atakata tiketi.

Walipofika, alinitumia video kutoka kijijini. Nyanya anapanda na fimbo yake. Watu wametoka milangoni, wachache, wengi wazee, maana vijana walishaondoka kutafuta kazi kama sisi. Hakuna anayemshika mkono. Wanamfuata nyuma, polepole, kwa mwendo wake, kichochoro kizima. Sikuwahi kuona heshima kama ile, na nililia.

Mwanawe alirudi Doha peke yake. Alinieleza tukiwa jikoni. Siku ya safari ya kurudi Doha ilipofika, mamake alikaa mlangoni akamwonyesha makaburi, kule chini ya kijiji, akamwambia: "Mimi kwa miguu sishuki tena. Siku ya kushuka, mtanibeba."

Akaniuliza kama nilijua. Nikasema sikujua, na ndio ukweli. Kazi yangu ilikuwa imeishia pale, na sote wawili tulilijua hilo.

"Na ungejua?" akauliza.

"Ningempandisha hivyo hivyo," nikamwambia.