Steinvör Huoga Akitazama Ukuta

Hapa Akureyri, mji wetu wa kaskazini penye theluji, huingii kwenye bwawa la maji moto kabla ya kuoga uchi kwa sabuni mbele ya wenzako, na yupo mama mmoja mwenye viatu vya mpira ambaye kazi yake ni kuhakikisha. Kwa hiyo nayajua matiti ya nusu ya mji. Þuríður, kwa mfano, amebaki na moja tu, na penye jingine pana kovu lililonyooka kama mshono wa gunia. Hajifichi. Ni Steinvör peke yake anayetupa mgongo.

Steinvör ni mtafiti wa saratani ya matiti ya kurithi. Nilimhoji mwaka juzi kwa ajili ya kazi ya shule, jikoni kwake, kahawa mkononi. Alinichorea ukoo mmoja: duara kwa mwanamke, mraba kwa mwanamume, na aliyekufa kwa ugonjwa huo anapakwa weusi.

"Damu zinakuja na namba, hazina majina," akasema. "Wafu hawajatoa damu, lakini tunajua nani alikuwa na jeni lenye kasoro. Vitukuu wao wanawasemea."

Nilisisimka. "Kwa hiyo unawajua wafu?"

"Kuliko walio hai."

"Na bafuni mbona unatazama ukuta?"

Akaweka kikombe chini, akagusa duara moja jeusi. "Ukoo una sura yake, Álfrún. Huyu alizaa mapacha mara mbili, mumewe akafukiwa na theluji, akaolewa na shemeji yake, akafa kwa uvimbe wa titi la kushoto. Ukisoma vitabu vya kanisa vya vizazi na vifo miaka ishirini, hata bila jina unajua ni kina nani."

"Si uwaambie!"

"Siruhusiwi. Mtu aulize mwenyewe. Wengine hawataki kujua, na hiyo ni haki yao."

Mama yangu, Bergljót, alikuwa mmoja wa hao. Alitoa damu zamani kwa ajili ya utafiti, kama watu wengi hapa, ila jibu hakulitaka. "Kifo kinajua ninapokaa," husema. "Sina haja ya kukiandikia barua."

Januari hii, asubuhi, giza bado, tulikuwa majini. Mvuke ulikuwa mzito, vichwa tu vinaonekana. Mama akasimulia ndoto yake. Siku tatu mfululizo mwanamke amesimama mlangoni pa chumba, shali yake imelowa theluji, mkono wa kushoto kifuani kana kwamba anazuia kitu kisianguke.

Kwetu kila mtu anajua: mfu akikujia ndotoni, anataka mtoto utakayemzaa apewe jina lake.

"Bergljót!" Þuríður akapiga maji kwa kiganja. "Miaka arobaini na mmoja! Hallur kakufanya nini tena?"

"Hallur yuko baharini tangu Oktoba!" mama akajibu, maana baba ni mvuvi.

"Ooo, basi kesi ni kubwa zaidi, mpenzi wangu!"

Wakacheka mpaka mlinzi akachungulia. Steinvör hakucheka. Uso wake uliokuwa mwekundu kwa joto uligeuka mweupe.

"Mkono wa kushoto?"

"Wa kushoto."

Steinvör akasogea karibu na mama. Kisha akasema polepole, kama mtu anayepima barafu kwa mguu, "Mfu akikujia, unamtafuta ni nani. Nasaba ziko wazi kwa kila mtu. Mtafute, Bergljót."

"Nitamtafuta siku moja."

"Leo."

Tulifungua nasaba kwenye kompyuta jikoni, kabla sijaenda shule. Mama akapanda kwa upande wa babu, akisoma kwa sauti majina na umri wa kila mmoja alipokufa. "Babu yako, tisini. Mama yake, Ingunn, thelathini na minane. Mama yake Ingunn, Kristrún, arobaini na mmoja." Akaigusa namba hiyo kwa kidole; ndio umri wake mwenyewe. "Mama yake Kristrún, Sigþrúður, thelathini na minne. Mapacha mara mbili. Mume wa kwanza, poromoko la theluji. Wa pili ni mdogo wake yule wa kwanza."

Ukoo ule nilishauona, umechorwa mezani kwa Steinvör.

Mama alikuwa ameinua mkono wa kushoto na kukishika kifua chake, bila kujijua. Alikaa hivyo, halafu kwa mkono wa kulia akaandika ombi la kupewa jibu lake.

Jibu lilikuja Aprili: analo jeni lile. Juni madaktari wakamwondolea matiti yote mawili, ugonjwa wenyewe ukiwa haujaingia.

Septemba tulirudi bwawani. Steinvör alikuwa mahali pake, uso ukutani.

"Geuka," mama akasema.

Akageuka. Akayatazama makovu mawili, maji yakimtiririka usoni.

"Ulijua tangu lini?"

"Miaka miwili."

"Miaka miwili unaoga kando yangu."

"Ndiyo."

Mama alimtazama mpaka nikaogopa. Kisha akampa sabuni. "Nisugue mgongo. Mikono yangu bado haifiki."

Mama hajamwota tena yule mwanamke. Mimi nina miaka kumi na mitano, na kuuliza kama nami ninalo ni mpaka kumi na minane. Jana nilipoamka, mlango wa chumba changu, ambao mimi huufunga kila usiku, ulikuwa wazi, na kizingitini palikuwa na maji kidogo, baridi kama ya theluji iliyoyeyuka.

Mama anasema ni buti za baba. Baba yuko baharini.