Mashine Iliyosikia Asante Tu

Mimi hukaanga samaki ufukoni Kisumu, na jiko langu limepakana na la mjane mmoja mzee aliyetoka Asembo Bay. Yeye huuza mgongo wazi, ile mifupa ya mbuta inayobaki kiwandani minofu ikishatolewa, na kwa mifupa hiyo analea wajukuu mayatima. Ukimwondoa pale ukampeleka nyuma ya soko, mbali na watu wanaokuja ziwani kupunga hewa, umemfungia biashara. Hilo sote tulilijua mradi mmoja ulipokuja kutaka tuhame, ili ufuko upandwe miti na kuwekwa njia ya baiskeli.

Sina ugomvi na miti. Moshi umeniharibu macho, na kivuli ningekipenda sana. Nilichouliza ni kwa nini kivuli kije mimi niondoke.

Mradi uliahidi kusikiliza kila mtu. Tulipewa namba ya simu ya kutuma maoni kwa sauti, kwa Kiswahili au Kijaluo, bila malipo, kisha akili mnemba isikilize yote na kuandika nani anakubali na nani anapinga. Nilifurahi, nisiseme uongo. Kwenye mikutano ya hadhara wanaozungumza ni walewale wenye suti. Sisi huondoka mapema kuwahi wateja wa jioni. Safari hii kila mama alisema yake akiwa jikoni kwake, mwiko mkono mmoja, simu mkono wa pili.

Wiki chache baadaye afisa wa mradi alitukusanya kwenye ukumbi wa kanisa atusomee matokeo. Alikuwa binti mpole anayeishi Milimani, mtaa wa wenye nacho, na viatu vyake vyeupe vilikuwa vimejaa tope la kwetu bila yeye kujali. Alisema wakaangaji wengi wanaunga mkono kuhama.

Nilipandwa na hasira, nikasimama.

"Madam, ni nani huyo alisema hivyo? Mimi najua hawa wamama wote. Hakuna mtu anataka kuhama!"

Angeweza kutuambia kompyuta imeshasema, twendeni nyumbani. Badala yake alieleza kwamba mradi una sharti: mtu akiuliza maneno yake yalieleweka vipi, lazima aonyeshwe. Jirani yangu akakubali rekodi yake ichezwe mbele ya watu.

Sauti yake ikajaa ukumbini. Alimshukuru Mungu kwa uzima. Akashukuru serikali, akashukuru mradi kwa kukumbuka akina mama, akaisifu miti, akasema hata kwao Asembo Bay wangefurahia mpango mzuri kama huo. Akawaombea wafanyakazi baraka. Mwisho kabisa, mafuta yakichemka nyuma yake, akasema kwa upole, "Sasa mimi tu nitabaki hapo kwa jiko yangu."

Kwenye skrini paliandikwa: Anaunga mkono kwa dhati.

Ukumbi ukaangua kicheko, nami nikacheka na hasira zangu. Hapa kwetu hukatai kitu kabla ya kushukuru. Hata mtu akija kuposa binti yako na humtaki, utampa chai, utamsifu kwa safari ndefu aliyofunga, na ni mkiagana ndipo utamwambia binti bado anasoma. Kila mgeni anajua kungojea kuagana. Mashine ilizichukua asante zetu zote, ikaona lile neno la mwisho ni dogo. Niliogopa nilipowaza kwamba nisingefungua mdomo, yule mama angehamishwa kwa sababu ya heshima yake.

Afisa hakucheka. Alisema hata mama yake mzazi huongea hivyohivyo, na kwamba alipaswa kuliona hilo mapema. Akatangaza kuwa matokeo yale hayatatumika. Maoni yote yangesikilizwa upya na watu, na kila mwenyewe asomewe yake kabla hayajapelekwa popote.

"Mama, wewe uanze," alimwambia jirani yangu. "Sema tu kwa ufupi, unataka ama hutaki."

Jirani yangu akashika kipaza sauti. "Kwanza nashukuru Mungu," akaanza, na sote tukaguna. Afisa akatunyamazisha kwa mkono. Alimngojea apite kwa Mungu, kwa serikali, kwa mradi, kwa miti, hadi kwenye baraka.

"Lakini kutoka hapo, ooyo," mama akamaliza. "Sitoki."

Afisa akaandika, akamsomea: "Anapinga kuhamishwa."

Jirani yangu hakuketi. Alikunja uso. "Na asante yangu umeweka wapi, nyathina, mtoto wangu?"

Binti akarudi kwenye kompyuta, akaandika upya huku akimsomea: anashukuru, anapenda miti, anapinga kuhamishwa. Hapo ndipo mama alipoketi.

Maoni yalipokwisha kusikilizwa upya, majiko yetu yaliachwa palepale, na miti ikapandwa kuyazunguka. Mti ulio karibu na jiko la jirani yangu humwagiliwa na yeye mwenyewe kila asubuhi, kabla hajawasha moto.