Kunde za Mama Kulwa

Mwanangu, naikumbuka vizuri siku ile mvua ya kwanza iliponyesha Ushirombo, nami nikiwa mwanamke kijana, mwaka wa sita wa ndoa, bila mtoto. Jirani yangu alikuwa amejifungua pacha. Watu walimwita Mama Kulwa, kwa jina la pacha wa kwanza. Mimi waliniita Minza tu, jina nililopewa na wazazi wangu. Kila aliposalimiwa kisimani kwa jina lile, nilijitwika ndoo yangu haraka nikaondoka.

Asubuhi hiyo alikuja kwangu, pacha mmoja mgongoni, mwingine kifuani. Mumewe alikuwa amekwenda Nyarugusu kuchimba dhahabu, na hakuwa ameleta habari yoyote.

"Minza, dada yangu, nisaidie mbegu za kunde. Zangu zimeliwa na wadudu."

Nikamwambia arudi jioni. Alipoondoka nikachemsha maji, nikazimwagia kunde nilizotaka kumpa, kisha nikazianika juani hadi zikakauka. Jioni nikampa bakuli zima, naye akanishukuru, akaliombea na tumbo langu. Hebu fikiria! Jumapili yake nilikwenda kanisani, nikaimba kwa sauti.

Bustani yangu ilichipua. Yake ilibaki udongo mtupu. Nilifurahi, sitakuficha, nilikuwa napita pale makusudi, nitazame.

Wiki ya pili akaja tena, macho yamevimba kwa kulia. Nilidhani amegundua. Kumbe alikuja kupiga magoti.

"Mungu amenikataa, Minza. Hata ardhi imenikataa. Wewe unasali sana. Niombee, nijue kosa langu ni nini."

Nilifumba macho niombe, nikayafumbua tena. Nilikuwa nimemnyima chakula. Sasa nikaona namnyang'anya na imani yake.

"Inuka," nikamwambia. "Kosa si lako. Zile mbegu nilizimwagia maji ya moto mimi."

Hakupiga kelele. Alinitazama mpaka nikainamisha kichwa.

"Kwa nini?"

"Kwa sababu ya watoto wako."

Akakaza kanga za pacha wake, akaelekea mlangoni. Pale akasimama. "Chukua jembe," akasema. "Na mbegu ulizojiwekea mwenyewe."

Tulilima bustani yake siku mbili. Kunde zile zilichelewa, zikazaa kidogo, nami nikagawana naye za kwangu. Urafiki ulichukua misimu kadhaa kurudi, na haukurudi wote.

Basi mwanangu, mvua zikianza, usiandae bustani ukausahau moyo. Ukihisi wivu, mwambie Mungu waziwazi kwamba ni wivu, usiupambe jina lingine. Na kama umeshamkosea mtu, mwendee, mwambie kweli kabla hajaanza kujilaumu. Mimi nilijaribu kusali tu na kunyamaza. Nilirudi kutoka kanisani vilevile nilivyokwenda.

Mungu akulainishie moyo, aitie baraka kazi ya mikono yako na ya jirani yako, mle mkashibe wote. Amina.