Sabuni Haitaki Mwanaume Anayeongea

Tangu nilipooa niliamini, kwa moyo wangu wote na kwa cheti changu cha kidato cha nne nilichokipata kwa masomo ya jioni, kwamba sabuni ya mawese inasikia. Mwanaume akiongea karibu nayo kabla haijaganda, inanuna. Inabaki uji mpaka Yesu arudi. Aliyeniambia ni mke wangu mwenyewe, wiki ile tulipohamia nyumba yetu hapa Kasulu. Alisimama mlangoni na mwiko mkononi, akasema, "Sabuni haitaki mwanaume anayeongea. Nenda kwanza mjini."

Nikaenda mjini. Kuanzia hapo, kila alipotengeneza sabuni nilifukuzwa kama kuku kwenye mahindi yaliyoanikwa. Nimezurura mji huu umbali ambao ungenifikisha Manyovu, nikavuka mpaka wa Burundi, nikarudi na bado nikabaki na safari. Na kwa kuwa sijaumbiwa kukaa na habari peke yangu, niliitangaza. Wenye baiskeli wakifika kwetu walikuwa wanashuka na kunong'ona. Jogoo wa jirani, nawaapia, aliwika kwa adabu.

Sabuni yenyewe ilistahili heshima hiyo. Mawese yalipanda kutoka vijiji vya ziwani kwenye dumu la njano, na dumu likateremka kujazwa tena, safari nyingi hadi nikaliona kama shemeji. Mke wangu aliyachanganya na kostiki, ile dawa kali ya kugandishia, akamimina kwenye kasha la mbao lililotandikwa majani ya mgomba. Ile ya nywele aliiongezea mafuta ya nyonyo. Ikikauka aliifunga kwa jani kavu la mgomba, basi. Unaoga mpaka kipande kinaisha, na jani linarudi shambani kuoza.

Vipakiti vya shampuu alivichukia. Mvua ikinyesha vilikuwa vinaziba mtaro wetu, naye anavifukua kwa jembe huku anagomba peke yake: "Mtu kaosha kichwa mara moja tu! Hiki kitaishi kuliko wajukuu zake."

Basi mwaka huu akaja mama mmoja mwenye nyumba ya wageni karibu na stendi. Alikaa barazani kwetu, akavua viatu, akasema, "Shoga, nimechoka kuchoma vichupa na vipakiti nyuma ya jiko. Moshi unaniingia mpaka kwenye pilau. Nataka sabuni zako za vipande, vyumba vyote, za mwili na za nywele. Ila ziwe tayari kabla ya Idi, wageni wangu wanaanza kufika."

Alipoondoka mke wangu alicheka peke yake muda mrefu. Sijawahi kumwona akitaka kitu kama alivyotaka kile. Halafu akajishika kiuno akaacha kucheka. Mimba yake ilikuwa kubwa, mgongo unamuuma, na sabuni inahitaji wiki kadhaa kukauka. Ilibidi itengenezwe wiki ile ile. Mama yake alikuwa ameshafika kutoka Kibondo kumsubiri mjukuu, lakini bega lake halikuwa linanyanyua hata kikombe.

"Utakoroga wewe," mke wangu aliniambia.

"Mimi? Na mdomo huu?"

Alinikabidhi mwiko. "Ufunge."

Nilikoroga. Kwa mtu kama mimi, kunyamaza ni sawa na kubeba gunia la maharage kutoka Nyakitonto kwa meno. Mke wangu alikaa mlangoni, mbali na harufu. Mama mkwe alikaa kigodani upande wa pili wa uwanja, kwa heshima yetu ya ukwe, anasimulia vituko vya kwao. Jirani akapita akanisalimu. Nikamjibu kwa nyusi. Nzi akatua puani, akatembea, akapumzika. Sikusema.

Halafu mke wangu akaita, "Mwenzangu! Amecheza! Amepiga teke kabisa!"

Ningeweza kupiga kelele wakanisikia Burundi. Nilitikisa kichwa tu, machozi yananitiririka, naendelea kuzungusha mwiko. Nilikuwa nawaza zile sabuni, na lile cheko lake.

Uji ukawa mzito. Tukamimina, tukalifunika kasha kwa blanketi letu wenyewe, sisi tukalala na kanga. Asubuhi mke wangu akabonyeza kwa kidole: imeganda, ngumu, rangi ya boga. Akaanza kukata kwa waya. Mabaki ya pembeni akayafinyanga kuwa mabonge ya kuogea sisi nyumbani, hata chembe haikutupwa.

Mimi nikavimba kama mpira. "Mama," nikamwambia mama mkwe, "umeona mkweo? Sikutamka neno hata moja, ndiyo maana imekubali!"

"Neno gani, baba?"

Nikamweleza yote, sabuni inavyosikia na inavyonuna. Alicheka mpaka akashika bega lake bovu. Kisha akamtazama binti yake, ambaye hakuinua uso kwenye waya, na kicheko kikamwisha.

"Mukwe wanje, sabuni haina masikio," akasema. "Inaganda hata ukiimba. Baba yake huyu alikuwa muongeaji kama wewe. Siku moja anakoroga huku anatusimulia, akageuka kutuangalia tunavyocheka, mwiko ukateleza, kostiki ikamrukia machoni. Huyu ndiye alikuwa anamshika mkono kumpeleka kanisani, mpaka tulipomzika. Anakuogopea macho yako, basi."