Yowe la Msongo wa Mawazo

Nikiwa mwaka wa pili chuoni Shinyanga, mitihani ilipokaribia, mwili wangu ulianza kujiendesha wenyewe. Kope ya jicho la kushoto ilichezacheza mpaka muuza chapati akadhani namkonyeza, akaniongezea moja ya bure. Asubuhi moja nilijipaka dawa ya meno usoni nikidhani ni losheni, nikaenda darasani hivyo hivyo, mweupe, nanukia minti.

Nikaenda kwa mshauri wa wanafunzi, kijana mpole ambaye alikuwa mgeni kabisa Usukumani. Alinisikiliza, akasema, "Dada, huo ni msongo wa mawazo. Tafuta mahali pa wazi, pasipo na watu, upige kelele kwa nguvu zako zote. Utajisikia mwepesi."

Mimi kwetu ni Chato, na Kisukuma changu kinaishia kwenye salamu. Alasiri hiyo nikamchukua mwenzangu wa chumbani, binti wa Kisukuma kutoka Mhunze, tukavuka majaruba ya mpunga nyuma ya chuo mpaka mahali ambapo hapakuonekana hata mbuzi. Nikavuta pumzi, nikafumba macho, nikapiga yowe. Nilimpigia yowe mwalimu wa takwimu, nikaipigia ratiba, nikaupigia na wali wa bwenini. Nikajisikia mwepesi kweli.

Nilipofumbua macho, mwenzangu alikuwa amechuchumaa, kashika kichwa.

"Nilijua utapiga kelele za kistaarabu," akasema. "Huo uliopiga ni mwano."

"Mwano ndio nini?"

Hakuwahi kunijibu. Wanaume walikuwa wanachomoza kila upande, wenye fimbo, wenye mapanga, mmoja na upinde, na mmoja kafunga taulo tu kiunoni, povu la sabuni bado sikioni. Walikuwa sungusungu, walinzi wa kijiji, na huku mtu akisikia yowe la namna ile anaacha alichoshika, anakimbia kusaidia.

"Ng'ombe wamepelekwa wapi?" akauliza kamanda wao, mzee mnene, akihema.

"Shikamoo," nikasema.

"Marahaba. Wamepelekwa wapi?"

"Hakuna ng'ombe, baba. Ni msongo wa mawazo."

Akawageukia watu wake. "Mwizi anaitwa Msongo!"

"Msongo wa Mawazo," akasema mwenye upinde, anafikiri. "Mawazo yupi? Yule aliyehamia Masumbwe?"

Mwenzangu akaingilia kati, akawaeleza kwa Kisukuma, kirefu, akininyooshea kidole mara nyingi kuliko nilivyopenda.

"Kwa hiyo," kamanda akasema, "umeita kijiji kizima kwa sababu ya mtihani?"

"Ndiyo, baba. Naombeni radhi."

Yule wa taulo akasogea. "Na ukishapiga, inasaidia?"

"Inasaidia kidogo."

"Mimi mama mkwe wangu alikuja kusalimia tu. Tumelima, tumepalilia, bado anasalimia."

Kabla hatujamzuia, akakaza taulo, akainua uso juu, akapiga yowe ambalo mbele yake langu lilikuwa mluzi tu. Sote tukabaki tunamtazama. Kisha, kwa mbali, ng'ambo ya mbuga, likajibiwa. Vumbi likatimka. Kijiji cha jirani kilikuwa kinakuja.

"Mungu wangu," kamanda akasema, akavua kofia, akaenda kuwapokea. Sisi wawili tukaona huo ndio wakati wa kuondoka. Tukiwa kwenye majaruba tulimsikia akiwaambia kwa sauti ya mkutano, "Ndugu zangu, ng'ombe wapo. Ni msongo wa mawazo!"

"Mawazo yupi?" mtu akauliza.

Tulicheka mpaka mwenzangu akateleza, akakaa kwenye tope la mpunga, akaendelea kucheka humo humo. Bwenini nilijitupa kitandani na viatu vyangu, nikalala jua likiwa bado halijazama.

Jumapili mama alipiga simu kutoka Chato. "Mbona sauti imekauka hivyo, mwanangu?"

"Nimesoma sana, mama."

"Pole, mwanangu. Punguza."

Mtihani wa takwimu nilifaulu, japo si kwa kishindo.